Pesa Inaingia Umelala. Shuka Anafua Nani?

Kuna video moja ambayo siku hizi haikwepeki, inabadilika sura ya msemaji tu. Kijana kajilaza kando ya bwawa, simu mkononi, anakuelekeza ununue nyumba, uiweke Airbnb, mtandao wa kupangishia wageni wa siku chache, kisha ulale huku pesa ikiingia. Hesabu yake ni mstari mmoja: bei ya usiku mara 30. Hongera, umeshakuwa tajiri.

Mara 30! Hata hoteli zilizozoeleka hazijai mwezi mzima. Lakini hilo la nafasi tupu angalau watu wanalisema. Lisilosemwa ni kwamba katika biashara hii kinachokula pesa ni idadi ya mara wageni wanapobadilishana. Kila mmoja akitoka na mwingine akiingia, nyumba inaanza upya, na wewe unalipa upya.

Tuseme unatoza 100 kwa usiku, sarafu chagua mwenyewe, na mwezi umeuza usiku 18. Wageni wako hukaa usiku mbili mbili, kwa hiyo umewabadilisha mara 9. Kila badiliko linakugharimu 25: usafi, kufua, sabuni, karatasi za chooni, balbu iliyoungua. Mapato 1,800, toa kamisheni ya mtandao ya asilimia 15, yaani 270, toa 225 za mabadiliko. Zimebaki 1,305.

Sasa punguza bei kwa asilimia 10 kwa wanaokaa usiku sita. Usiku ni zilezile 18, mapato 1,620, kamisheni 243, mabadiliko 3 tu, yaani 75. Zimebaki 1,302. Umepoteza tatu! Kwa hizo tatu umeepuka mara sita za kugombania mtu wa usafi, mara sita za kuburuza masanduku ukutani, na mara sita za mgeni mpya kukuta unywele bafuni na kukupa nyota tatu. Umeme, maji, intaneti, bima na mkopo bado hatujavigusa. Ukimkabidhi meneja, asilimia nyingine 20 hadi 30 inaondoka naye.

Haya, nakubali: ukikaza masharti ya usiku nyingi, kalenda inatoboka. Usiku mbili zinabaki katikati ya wageni wawili na hakuna anayeweza kuzichukua. Basi kwa pengo kama hilo legeza kiwango cha chini cha usiku, lakini kwa pengo hilo tu.

Turudi kwenye siku yenyewe ya kubadilisha. Mgeni anatoka saa 5 asubuhi, mwingine anaingia saa 9 alasiri. Saa nne. Nyumba ya vyumba viwili humchukua mtu mmoja mzoefu saa mbili na nusu hadi tatu, wageni wakiwa wastaarabu. Shuka na taulo ni mikupuo mitatu ya mashine, na kila mkupuo ni kama saa moja kufua na saa moja kukausha. Ukipanga vizuri, mmoja ukikauka mwingine unafuliwa, umemaliza saa nne kamili, shuka za mwisho zikiwa za moto na mgeni yupo getini. Ndiyo maana kila kitanda kinahitaji seti tatu: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa, moja kabatini. Anayenunua seti mbili ili abane matumizi atazinunua hizo nyingine siku ambayo mtoto wa mgeni atakojoa kitandani.

Shuka ziwe nyeupe, zote za aina moja. Nyeupe unaweza kuzitibu. Ya maua ikichuja imekufa. Doa la damu ni maji baridi kwanza, maana maji ya moto yanaligandisha. La mafuta ya ngozi, paka sabuni ya vyombo kabla ya kufua. Halafu kuna lile doa la rangi ya kutu linalojitokeza baada ya kufua, ambalo wengi wanamlaumu fundi bomba. Mara nyingi ni mafuta ya kujikinga na jua: kemikali iitwayo avobenzoni, iliyomo kwenye mengi ya mafuta hayo, hukutana na chuma kilicho kwenye maji. Ukilimwagia klorini linazidi kukolea. Tumia dawa ya kuondoa kutu kwenye nguo. Na weka taulo ndogo nyeusi bafuni kwa ajili ya kufutia vipodozi, utaokoa foronya nyingi.

Mpangilio wa kazi nao una mantiki yake. Vua vitanda na uwashe mashine kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nyunyiza dawa bafuni uiache ifanye kazi huku unamalizia jikoni. Vumbi kutoka juu kwenda chini, sakafu mwisho, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Kabla ya kutoa taka, piga picha za kila chumba. Dai la uharibifu Airbnb lina siku 14 tangu mgeni atoke, na bila picha unabishana na upepo.

Mengine kwa ufupi. Kalenda za iCal, yaani viungo vya kupashana tarehe zilizouzwa kati ya mtandao mmoja na mwingine, hazisomani papo hapo, huchelewa hata saa kadhaa. Ukiuza Airbnb na mtandao mwingine kama Booking.com kwa pamoja bila programu ya kuziunganisha papo hapo, siku moja familia mbili zitakutana mlangoni. Betri za kitasa cha namba zibadilishe kwa tarehe, usingoje zilie. Kupanga nyumba ya mtu ili uipangishe tena bila ruhusa yake ya maandishi ni kutafuta kesi.

Na sheria. Jiji la New York, tangu Septemba 2023, kupangisha chini ya siku 30 kunataka mwenyeji ajisajili, awepo nyumbani, na wageni wasizidi wawili. Barcelona imetangaza kwamba leseni za nyumba za watalii zipatazo 10,000 hazitaongezewa muda zikifika Novemba 2028. Aliyekopa miaka 20 kwa hesabu ya yule kijana wa bwawani akamuulize.

Kama bado unataka kununua, sawa, inalipa kwa wanaoisimamia. Ila kabla ya kutoa amana, tafuta watu wawili wa usafi walio karibu na nyumba hiyo, uwaulize Jumapili saa 5 asubuhi wanakuwa wapi.