Jini Asiyetaka Kitunguu

Mtaalamu wa lishe aliyeniandikia mlo wa FODMAP alinipa karatasi mbili, moja ya vyakula vya kuacha na nyingine ya kula. Ile ya kuacha ilikuwa Mombasa nzima. Mahamri toa, kwa sababu ya ngano. Mbaazi toa, maharagwe toa. Maziwa, embe, tikiti, toa. Kitunguu maji na saumu, hata chembe usionje. Nikamuuliza pilau itaungwa na nini. Akanitazama kwa huruma tu. Si mtu wa Pwani yule.

Mlo huu umetoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kwa watu ambao utumbo wao huchokozeka ovyo: gesi, msokoto, leo kuhara, kesho choo kimefunga. FODMAP ni jina la jumla la aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Zinavuta maji, zinateremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanazichachusha na kutoa gesi. Si sumu, na bakteria wazuri nao wanakula humo humo. Ndiyo maana awamu ya kuondoa ni ya wiki 2 hadi 6 tu, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja.

Wali, samaki, mayai, nanasi, papai, hapo hapana neno. Ndizi ile ngumu. Ikishaiva ikawa na madoadoa, iache. Tui, kiasi. Balaa ni kitunguu.

Mama mkwe akasema, "Usijali mwanangu, nitakutolea." Akakaa anachomoa vitunguu kwenye pilau kwa ncha za vidole, akivipanga ukingoni mwa sinia. Mapenzi kama hayo utayakataaje? Usiku tumbo likanguruma mpaka mke wangu akawasha taa. Fruktani, sukari mojawapo ya hizo iliyomo kwenye kitunguu, huyeyuka majini, kwa hiyo kipande unakitoa, yenyewe imeshanywewa na wali. Kwenye mafuta haiyeyuki. Kaanga punje nzima za saumu kwenye mafuta matupu, zitoe, upikie mafuta yale siku hiyo hiyo. Usiyaweke kabatini kwa joto letu hili, yanaweza kuzaa sumu ya botulini. Majani ya kijani ya kitunguu ni ruhusa, sehemu nyeupe hapana.

Halafu kuna mvuje, utomvu mkavu unaonuka vikali, ule ule ambao kwetu Pwani hufukiziwa watoto na wenye majini. Wahindi wasiokula kitunguu huungia dengu, na ukikaangwa kwenye mafuta ladha yake huenda palepale pa kitunguu na saumu. Ule wa unga, wa kopo, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano au wa mchele. Soma nyuma ya kopo, wenye ngano urudishe rafuni. Mimi nikaenda Marikiti kutafuta wa donge, utomvu mtupu.

"Wa mtoto?" akauliza muuza dawa.

"Wa pilau."

Akautia ndani ya mifuko mitatu, akapiga fundo, asiseme neno.

Mvuje wa donge, kiasi cha punje moja ya mchele kinatosha sufuria ya watu wanne. Usage, uutie kwenye mafuta ya moto wa wastani, sekunde chache tu, kisha nyanya zifuate upesi. Shemeji yangu, ndiye aliyeshika mwiko siku ile, aliambiwa "kidogo". Kidogo cha kwao ni kijiko cha chai kilichojaa, na mafuta yalikuwa yameshaanza kutoa moshi. Harufu ya mvuje ni ya salfa, na mtaani kwetu Kibokoni madirisha yanatazamana kiasi cha kupokezana chumvi. Nyanya hazijaingia sufuriani, nikasikia ng'ambo mtu anakohoa na kuleta audhubillahi.

Mama mkwe akapanda ngazi buibui upande. "Subhanallah! Nani kapandwa humu?"

"Hapana mama, ni pilau."

"Pilau gani hii inanuka uganga?"

Nyuma yake alikuwa jirani na mtoto mgongoni, amekuja mwanawe afukizwe hapo hapo maadamu moshi umeshawashwa. Nyuma ya jirani, mwalimu wa chuo cha Kurani, pumzi juu. Nikaona bora nieleze kitaalamu: kuna fruktani, kuna laktosi, kuna sorbitoli, kuna manitoli, na wote hao wakiingia tumboni...

Mama mkwe akamgeukia mwalimu. "Umesikia? Anawataja kwa majina."

Nikasomewa. Pilau ikamwagwa, mwiko wa plastiki nao ukatupwa, maana mvuje ukishaingia kwenye plastiki hautoki. Uweke kwenye chupa ya kioo, na hiyo chupa ndani ya chupa nyingine.

Tangu siku ile, kwenye harusi na hitima sahani yangu huwekwa kando: wali mweupe, samaki wa kuchoma, ndimu. Hakuna anayenisihi nionje. Mtaalamu wa lishe hakuna aliyemjali, lakini jini wanamheshimu. Tatizo, awamu ya kurudisha imekaribia. Saumu unaanza na robo ya punje, kesho yake nusu, siku ya tatu punje nzima, huku unasikilizia tumbo; kisha unapumzika siku mbili tatu kabla ya kujaribu kingine. Sasa nani atamweleza mama mkwe kwamba jini amekubali robo?