Namba ya Joto Iandikwe Pamoja na Kipimo Chake

Usiku mmoja ndugu yangu anayeishi Marekani alipiga simu nyumbani akasema kwamba mwanawe ana homa na kipimajoto kimeonyesha 101. Mama alishtuka mno, kwa kuwa kwetu maji huchemka yakifika nyuzi 100, na ilinibidi nimweleze kwa utaratibu kwamba namba ile ilikuwa ya Farenhaiti, sawa na nyuzi 38.3 za Selsiasi: homa ya kuangaliwa, lakini mtoto hakuwa anaungua. Tangu hapo ninashikilia kwamba namba ya joto isiyotajiwa kipimo chake haifai kuchapishwa, hasa katika habari tunazozitafsiri kutoka Marekani.

Sifuri ya kipimajoto ni jambo la makubaliano. Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyetengeneza vipimajoto vya zebaki huko Amsterdam, alieleza mwaka 1724 kwamba sifuri yake ni baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, na kwamba maji yaliyochanganyika na barafu husoma 32. Anders Celsius, mwanafalaki wa Uppsala, aliigawa mwaka 1742 nafasi iliyopo kati ya kuganda na kuchemka kwa maji katika sehemu 100, ila yeye aliiweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda, na mpangilio huo uligeuzwa baadaye. Kwa hiyo hata "nyuzi 100 za Celsius", katika mikono ya Celsius mwenyewe, zilikuwa baridi ya barafu.

Kosa linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni la kuchanganya joto lenyewe na tofauti ya joto. Anayetaka kuigeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti huzidisha kwa 1.8 kisha hujumlisha 32, lakini ile 32 ni ya kurekebisha sifuri tu, na tofauti ya joto haina sifuri ya kurekebishwa. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unapotaja ongezeko la nyuzi 1.5 za Selsiasi, ongezeko hilo ni 2.7 za Farenhaiti, wala si 34.7. Vivyo hivyo, joto likipanda kwa nyuzi 9 za Farenhaiti limepanda kwa 5 za Selsiasi, lakini mfasiri atakayeanza kwa kutoa 32 atapata hasi 12.8, na joto lililopanda litasomeka kana kwamba limeshuka.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubali kuambiwa kwamba nyuzi 30 ni joto maradufu ya nyuzi 15. Kauli ya namna hiyo inahitaji kipimo kinachoanzia pale joto lisipoweza kushuka tena, yaani hasi 273.15 za Selsiasi, na kipimo cha aina hiyo ndicho alichokipendekeza William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, mwaka 1848. Kwa kelvini, joto hizo mbili ni 288.15 na 303.15, tofauti ya takriban asilimia 5 tu.

Ninawaomba wahariri wetu waandike Selsiasi kwanza, waiweke namba ya asili ya Farenhaiti kwenye mabano, na kabla ya kugeuza chochote wamuulize mfasiri: hili ni joto, au ni ongezeko la joto?