Nimezaliwa Pangani, kwa Maji Huniambii Kitu

Safari hii niliipanga mimi, na nikatamba nayo miezi miwili kabla. Jedwali la kurasa nne, kila saa na kazi yake: tuvuke kwa feri na gari letu kutoka Uingereza tunakoishi, tushuke hadi Bordeaux kwenye mashamba ya mizabibu, turudi na pwani kupitia La Rochelle, tumalizie Saint-Malo. Wasafiri watatu: mimi, mke wangu ambaye ndiye dereva, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Bukoba. Simu yangu niliiacha nyumbani, nisisumbuliwe na watu wa kazini.

Mama mkwe nilimwahidi makasri. Ramani ya Bordeaux imejaa neno “château”, na kamusi inasema château ni kasri. Kumbe kule kila mwenye mizabibu na mapipa yake hujiita château, hata nyumba ikiwa na ukubwa wa ofisi ya kata. Kasri la kwanza tulilikuta lina trekta mlangoni na geti ndiyo linafungwa. La pili limeshafungwa. La tatu, karibu na Saint-Émilion, binti mmoja alituonea huruma akatumiminia kidogo kidogo huku anatazama saa, akatusogezea na kopo la kutemea. Mama mkwe akamwona mzee mmoja anasukutua, anatema.

“Imechacha?”

“Hapana mama, wanaonja tu.”

“Mtu mzima anatema pombe hivi hivi?”

Akameza yake, akameza na yangu kwa kuwa mimi ni mtu wa soda, akasema lubisi, pombe ya ndizi ya kwao, ingewafundisha adabu hawa.

Wiki nzima Wafaransa sikuwaelewa. Jedwali linasema chakula saa saba na nusu. Tunafika, mpishi anavua aproni. La Rochelle tulitaka kupanda mnara mmoja kati ya ile inayolinda mdomo wa bandari, ambako zamani walikuwa wanavuta mnyororo usiku meli zisipite. Mlango ukafungwa mbele ya pua zetu. Ili safari isiharibike, nikawasimulia jinsi jeshi la mfalme lilivyouzingira mji huo mwaka 1627 na 1628, watu wakafa njaa kwa maelfu. Mama mkwe, aliyekuwa hajala tangu asubuhi, akasema anaamini.

Mke wangu alijaribu. “Mbona simu yangu inasema saa nyingine?” Nikamwambia simu zikivuka mpaka huchanganyikiwa, tazama saa ya gari, tazama na hii ya mkononi, ya marehemu baba. Zote mbili zinakubaliana. Mama mkwe yeye saa yake ilibaki ya Bukoba, ajue muda wa kupiga nyumbani, ndiyo maana kila asubuhi tulimkuta ameshavaa, kakaa kitandani, mkoba mapajani.

Saint-Malo ni mji uliozungushiwa ukuta wa mawe, ukabomolewa vitani mwaka 1944 na kujengwa upya. Nje ya ukuta kuna kisiwa, Grand Bé. Maji yakipwa unakwenda kwa miguu, juu ya njia ya mawe yenye mwani. Kibao kilisema tuwe tumerudi 16h45, yaani saa kumi na dakika arobaini na tano. Nikatazama mkono: saa tisa na nusu. Mke wangu akauliza kama nina uhakika. Jamani! Mtu aliyejua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma?

Kule juu kuna kaburi la mwandishi Chateaubriand, aliyefariki mwaka 1848. Msalaba wa jiwe, hauna jina, unatazama bahari. Mwenyewe alitaka asikie mawimbi na upepo tu.

“Na huyu naye château,” akasema mama mkwe.

Tukapiga picha, tukakaa. Saa kumi na robo nikasema tushuke taratibu, muda tunao.

Tukashuka. Njia haipo.

Kwetu maji hujaa kwa staha, mtu unakunja suruali unapita. Ya Saint-Malo wakati wa bamvua hupanda mita 12 na ushei, karibu mara tatu ya yetu. Pale tulipokanyaga mwani, sasa kijana mmoja alikuwa anapiga kasia.

Mke wangu akainua simu hadi usawa wa macho yangu. Saa kumi na moja na robo.

“Ulivyoshuka kwenye feri, saa ya gari uliisogeza?”

Uingereza na Ufaransa, tofauti ya saa moja. Makasri yote. Wapishi wote. Mnara.

Watu walikuwa wanatupungia kutoka ukutani. Chupa ya Saint-Émilion tulikuwa nayo, kizibuo kiko kwenye gari. Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kifuko cha senene wa kukaanga, akatugawia kwa kuhesabu, mimi wa mwisho.

“Mwenzenu aliomba asikie bahari tu,” akasema, akitafuna. “Leo atasikia na senene.”

Mawe yalianza kuchomoza saa nne na nusu usiku. Nilimshika mkono tukashuka, maji bado yanacheza vifundoni. Katikati ya njia akasimama.

“Mkwe wangu, lete hiyo saa.”

Nikavua. Akaomba mwanga wa simu, akavuta kale kajiti ka pembeni, akaizungusha mishale polepole akilinganisha na yake, kisha akanirudishia. Aliondoka mwezi uliofuata. Saa inasoma ya Bukoba mpaka leo, na mimi kila nikitaka kujua muda namuuliza mke wangu.