Kuhe si mfungo: Kwaresima kwenye jiko la Kigoma

Mtu wa Dodoma akiacha nyama siku ya Ijumaa, kweli amejinyima. Mtu wa Kigoma akiiacha, amehamia kwenye samaki, na samaki alikuwa anampenda kuliko nyama tangu zamani. Ijumaa ya Kwaresima ikifika, nyumba nyingi za Wakatoliki kuanzia Mwanga hadi Ujiji hazigusi bucha, halafu mezani unakuta kuhe, samaki wa ziwani, wa kuchoma, ndimu, pilipili, kachumbari na ndizi za kukaanga pembeni. Sheria ya Kanisa ya kuacha nyama imetimia. Lakini muulize mtoto wa nyumba hiyo Ijumaa ni siku gani, atakwambia ni siku ya kula vizuri.

Maoni yangu ni kwamba sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika, tukitaka Kwaresima iingie ndani ya nyumba na isiishie kanisani, siku za Ijumaa tuondoe na samaki. Simwambii mtu kwamba kula samaki ni dhambi. Si dhambi, na asije mama yeyote akamlaumu jirani yake kwa samaki kama mgebuka. Nasema tu kwamba anayeamua Kwaresima ya nyumba ionekane au isionekane ni yule anayeshika kapu la sokoni, na mara nyingi ni mama.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi tunaisikia nusu nusu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1251, zinasema siku za Ijumaa mtu aache nyama au chakula kingine kadiri Baraza la Maaskofu litakavyoelekeza. Angalia hayo maneno "au chakula kingine". Kanisa linajua kwamba chakula cha kujinyima hakiwezi kuwa kimoja dunia nzima. Kujinyima huku kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Kufunga ni jambo jingine: ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu, na kunawahusu wenye miaka 18 hadi 59. Siku hizo mtu anakula mlo mmoja kamili, na akihitaji anaongeza vilaji viwili vidogo ambavyo hata vikijumlishwa havifikii mlo. Sherehe kubwa kama ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, ikiangukia Ijumaa ya kawaida ya Kwaresima, kujinyima hakudaiwi siku hiyo. Kuleni.

Kisha kuna jambo ambalo watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wanalijua vizuri. Pasaka huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baadaye. Maana yake Ijumaa Kuu haikai mbali na mwezi mpevu: ni tangu siku moja kabla yake hadi kama siku tano baada yake. Sasa dagaa wa Tanganyika wanavuliwa gizani. Vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinatoka usiku na taa, dagaa wanaifuata taa, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi wengi wanapumzika na kushona nyavu. Mwaka 2026 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 2 Aprili na Ijumaa Kuu ikawa tarehe 3. Kwa hiyo mama anayesubiri Juma Kuu ndipo ateremke mwaloni Kibirizi kutafuta dagaa wabichi, anakwenda wakati mbaya kuliko yote: dagaa ni wachache na bei imepanda. Anatumia fedha nyingi kuliko siku ya kawaida ili "afunge". Hapo akili ya nyumba na imani vinasema kitu kimoja: acha.

Basi tupike nini? Maharage. Wala usinune. Watu huyachukia kwa sababu yanapikwa kwa haraka na kwa hasira, yakaja mezani magumu yakiogelea kwenye maji ya kahawia.

Kwa watu sita nusu kilo inatosha. Chagua yenye ngozi inayong'aa, isiyokunjamana. Yaliyokaa sana ghalani yanakuwa meusimeusi na unaweza kuyachemsha mchana kutwa yasilainike. Yachambue, yaoshe, yaloweke Alhamisi usiku kwenye maji mengi, kwa sababu yanavimba mara mbili. Asubuhi mwaga maji hayo. Injika kwenye maji mapya, vikombe vitatu kwa kila kikombe cha maharage, yachemke kwa nguvu dakika kumi nzima kabla hujapunguza moto. Dakika hizo si mapambo: maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu inayosokota tumbo na kutapisha. Baada ya hapo moto mdogo, saa moja hadi saa moja na nusu ya mkaa. Mkono usiende kwenye magadi. Yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1, na ladha yake kila mtu anaitambua hata ukibisha.

Mawese yanakuja mwisho. Kwenye sufuria nyingine pasha vijiko vitatu vya chakula, moto wa wastani, hadi yayeyuke na kunukia. Weka kitunguu kimoja kikubwa, kikilegea weka nyanya tatu na karoti moja iliyokwaruzwa, ziive hadi zirojeke, ndipo umimine maharage na supu yake nzito. Ponda mwiko mmoja au miwili ya maharage ubavuni mwa sufuria ili mchuzi ushikane. Chumvi sasa. Kosa ninaloliona sana ni kuchoma mawese hadi yatoe moshi na kuwa meupe, eti kuondoa harufu. Ule wekundu ndio asili ya vitamini A ambayo macho ya watoto yanaihitaji. Ukiuchoma, umebaki na mafuta matupu.

Ijumaa nyingine iwe kisamvu, lakini cha karanga. Kigoma tumezoea kukitupia dagaa au kipande cha mgebuka mkavu "kuongeza ladha tu", na hapo ndipo mfungo unapotoroka kupitia dirishani. Chuma majani machanga ya ncha, yaoshe, yatwange na punje mbili za kitunguu saumu hadi yawe laini kabisa, yasiwe vipandevipande. Chemsha kwenye maji mengi bila kufunika, dakika 40 au zaidi. Sumu ya muhogo inatoka kwa kutwangwa na kwa mvuke, kwa hiyo mfuniko unazuia kile unachotaka kiondoke. Maji yakipungua, koroga kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa kwenye maji kidogo ya uvuguvugu, mimina, na usiondoke jikoni: karanga hushika chini ndani ya dakika mbili, na harufu ya kuungua haifichiki. Mwishoni vijiko viwili vya mawese na chumvi.

Hapa nina onyo, na nalisema kwa uzito wote. Toba isiwe ugali wa muhogo kwa mlenda wiki nzima. Muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha na kukaushwa vizuri unabaki na sumu, na mwili unahitaji protini ili kuiondoa. Muhogo mbaya pamoja na mboga isiyo na protini, kwa muda mrefu, ndiyo njia ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, na watoto na akina mama ndio unaowapata zaidi. Ukimwondoa samaki mezani, maharage au karanga lazima vikae mahali pake. Kama unga wa muhogo umenunua kwa mtu usiyemjua, changanya nusu kwa nusu na wa mahindi, au siku hiyo pika dona.

Wako wasiotakiwa kufunga kabisa, na mama ndiye wa kuwasimamia kwa sababu wenyewe hujifanya mashujaa. Mjamzito na anayenyonyesha wale. Mwenye kisukari anayetumia insulini akiruka mlo, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka kwenye benchi la kanisa. Mwenye vidonda vya tumbo na anayemeza dawa zinazotaka chakula, wasiache kula. Hawa wanaweza kuacha soda au gumzo la simu baada ya chakula cha jioni, na Mungu anajua.

Watoto nao. Kanuni ya 1252 inawataka wachungaji na wazazi wahakikishe hata wale ambao umri wao haujafika wanalelewa katika roho ya kweli ya toba. Kazi hiyo tumepewa sisi kwa maandishi. Lakini mtoto wa miaka sita halelewi kwa njaa. Ale ashibe maharage yake. Anachoweza kuacha ni sukari ya pili kwenye chai, au biskuti ya dukani, na ile shilingi 200 aitumbukize mwenyewe kwenye kopo la sadaka ya Kwaresima aisikie ikilia. Ile saa ambayo maharage yako kwenye moto mdogo inatosha Njia ya Msalaba nyumbani. Vituo viko 14. Kwa watoto wadogo chagua vitatu au vinne, kimoja kila mtoto asome au asimulie, muimbe ubeti mmoja, basi. Ukivilazimisha vyote, cha tisa wanapigana ngumi.

Kuhusu baba wa nyumba: mwambie Jumatano. Mwanaume aliyezoea mgebuka kila jioni akifunua hotpoti na kukuta maharage bila taarifa, ugomvi wa siku hiyo utakuwa umeununua mwenyewe. Akijua mapema, na pilipili ikiwepo, na kachumbari ikiwa ya kutosha, atakula. Yule anayekula maharage saa moja halafu saa tatu yuko kwenye mishikaki, huyo namwachia paroko.

Na jirani? Mji huu, Ujiji hasa, ni wa Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, na Kwaresima na Ramadhani zimekuwa zikikutana. Mwaka 2026 zilianza karibu siku moja. Futari inaweza kuletwa kwako Ijumaa ikiwa na nyama ndani. Pokea kwa mikono miwili. Nyama wape walio chini ya miaka 14 au iweke hadi Jumamosi, na sahani isirudi tupu: weka kisamvu chako, au mihogo mibichi. Kukataa chakula cha jirani ili ulinde mfungo wako ni kuharibu kikubwa kwa ajili ya kidogo. Jambo la sokoni tu: mihogo, viazi, magimbi na sukari hununuliwa sana wakati huo, kwa hiyo sukari na vile visivyooza nunua wiki moja kabla.

Linabaki la fedha, na hapa ndipo Kwaresima nyingi hufia. Kujinyima ambako tofauti yake inarudi mfukoni ni kubana matumizi. Chukua daftari. Andika mboga ya Ijumaa ya kawaida inagharimu kiasi gani, kisha ya Ijumaa ya maharage. Tuseme kawaida ni shilingi 8,000, na maharage, nyanya na mawese yamekuwa 3,000. Ile 5,000 iingie koponi jioni hiyohiyo, mbele ya wote, isisubiri mwisho wa mwezi. Kwaresima ina Ijumaa saba ukihesabu Ijumaa Kuu, na Jumatano ya Majivu ya nane. Hizo ni shilingi 40,000, kutoka nyumba moja, bila mtu kulala njaa. Jumuiya ya kanisa yenye nyumba 15 inaweza kumlipia mtu matibabu.

Kopo liwe la kutoboa juu tu, lisilofunguka. Nakwambia hivi kwa sababu Juma Kuu linakuja na majaribu yake: viatu vya watoto, kitenge cha sare, kuku wa Jumapili. Fedha ya Kwaresima ikigeuka kuku wa Pasaka, familia imejikopesha yenyewe na kujilipa. Ndiyo maana ni bora kopo lipasuliwe kabla, Jumapili ya Matawi mkitoka misa, watoto wahesabu, mkabidhi kwa kiongozi wa jumuiya au mpeleke wenyewe kwa mgonjwa mnayemjua. Ya Ijumaa Kuu ikabidhiwe siku hiyohiyo saa tisa, mnapokwenda kwenye ibada.