Siga za Kuba ndani ya hotipoti

Shemeji yangu wa Soweto, Mbeya, aliletewa siga tatu, zile nene za majani matupu yaliyosokotwa, na bosi wake aliyetoka safari: ya Kuba, ya Nikaragua na ya Jamhuri ya Dominika. Akapanga zivutwe siku ya kikao cha harusi, mbele ya wajomba, tulinganishe ipi bora. Mimi nikaitwa niwe jaji. "Wewe si umezeekea kwenye tumbaku Chunya?"

Kweli, nimekuwa mteuzi wa tumbaku, yule anayepanga majani kwa madaraja. Lakini ya Chunya ni ya mvuke. Inakaa ndani ya bani, chumba cha kukaushia, karibu wiki, moto unapandishwa taratibu mpaka kwenye nyuzi 70 hivi ili uti wa jani ukauke, sukari inabaki, inakwenda kuwa sigara. Jani la siga linatundikwa bandani lipigwe na hewa kwa wiki kadhaa, sukari inaisha, halafu majani yanarundikwa yajichemshe kwa joto lake yenyewe, rundo likipinduliwa-pinduliwa mpaka ile harufu kali ya amonia itoke. Nikotini yake inapita hata kwenye ngozi ya mdomo, ndiyo maana moshi wa siga haumezwi. Shemeji alinisikiliza kama mtu anayesikia tangazo la msiba wa ukoo mwingine.

Kuna aliyemwambia kuwa siga hutunzwa kwenye unyevu. Ni kweli: asilimia 65 hadi 70, joto la nyuzi 18 hadi 21, na sponji yenye maji iwekwe kando, isiguse jani. Mbeya mwezi wa saba ni baridi na kukavu, siga ikiachwa kabatini inapasuka kama bisi. Yeye akachukua hotipoti ya jikoni, akatandika kitambaa kilicholowa chapachapa, akalaza siga juu yake, akafunga kifuniko.

Siku ya kikao zikatoka zimevimba. Majani ya ndani hunywa maji na kutanuka, na lile la nje, jembamba kuliko yote, ndilo linalolipa. Ya Kuba ikachanika ubavuni tulipoanza kuipasha moto. Mjomba mmoja, mwalimu mstaafu, akachukua bahasha ya mchango, akalamba gundi yake, akabandika mpasuko kwa kipande cha karatasi. Heshima ya Havana ikashikwa na bahasha ya mchango wa elfu ishirini.

Nikawapangia utaratibu. Siga za kulinganishwa ziwe saizi moja, na bahati hizi zote zilikuwa robusto: urefu kama milimita 127, unene karibu milimita 20. Kata milimita 2 tu za kichwa, usifike pale kofia ya jani inapoishia, la sivyo inafumuka. Washa kwa kiberiti baada ya baruti kuungua yote. Pafu moja kwa dakika, na anza na laini umalizie na kali. Ya Dominika ikatangulia. Hapo nikawaonya: lebo inataja nchi ilikosokotewa tu. Jani la nje la siga ya Dominika mara nyingi limetoka Ekuado au Connecticut kule Marekani, kwa hiyo ukiisifia Dominika huenda unasifia Ekuado.

Mwalimu akavuta, akafumba macho. "Hii ina iliki."

Ikazungushwa. Wote wakaionja iliki.

Ikafuata ya Kuba, na bahasha yake. "Kitunguu swaumu," akasema, "kwa mbali." Nikaanza kuwa na wasiwasi. Vuelta Abajo, eneo la tumbaku kule Pinar del Río, Kuba, udongo wake ni mwekundu wenye kichanga, na sifa zake nazijua. Kitunguu swaumu hakimo.

Ya Nikaragua, kutoka Estelí: "Bizari nyembamba! Nzito!" Nilikuwa nimetaja kwamba udongo wa kule ni wa volkano. Kosa likawa hilo. "Si kama Rungwe tu," akadakia mjomba mwingine, "ndiyo maana hata viazi vyetu vina ladha." Wakaanza kujadili kama Tukuyu ilime siga.

Sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni: "Nani kachukua hotipoti yangu ya pilau?"

Jani la tumbaku hubeba harufu yoyote iliyo jirani nalo, ndiyo maana siga hutengewa sanduku lake. Hizi zilikuwa zimelala wiki nzima kwenye mvuke wa pilau la Jumapili. Mashindano ya nchi tatu yalikuwa yameshindwa na mama mkwe.

Wakati huo shemeji hayupo. Alikuwa amemeza moshi wa ile ya Nikaragua kama wa sigara, tumbo tupu. Siga za kule mara nyingi zina ligero nyingi, yale majani ya juu ya mche yanayopigwa jua zaidi, makali na yanayoungua polepole, ndiyo hukaa katikati. Tukamkuta nyuma ya nyumba amekumbatia mparachichi, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, anauomba mti msamaha. Akapewa chai ya sukari vijiko vinne, akalazwa.

Hotipoti ikasuguliwa kwa sabuni, majivu na ndimu. Jumapili ugali ukawekwa humo, na ukatoka na tumbaku yake. Watoto wakagoma. Babu, mnusa ugoro wa siku nyingi, akasogeza sahani, akaomba aongezewe.