Sufu ya Nyandarua: nani analipia saa za kusokota?

Kila Januari, jua la Nyandarua likishakausha nyasi, shangazi yangu hutandika turubai kuukuu kando ya zizi na tunawanyoa kondoo wake sita, wote wa Corriedale, aina ya kondoo wa sufu. Tunatumia mkasi wa mkono, ule wa chuma kimoja kilichokunjwa, unaojifungua wenyewe ukilegeza kiganja. Mkono ukiwa mwepesi, manyoya hutoka yameshikana kama blanketi. Juu yana rangi ya vumbi. Ukiyageuza, ndani ni meupe yenye kumeta, na mafuta yake hulainisha vidole kuliko losheni ya dukani. Halafu unaanza kuyapekua na kukutana na kishona nguo: mamia ya vimbegu vyeusi, kila kimoja kimejichomeka kivyake, na dawa yake ni vidole tu.

Vimbegu hivyo navitaja mapema kwa sababu sijaviona kwenye hesabu yoyote ya biashara ya sufu niliyoonyeshwa.

Na hesabu hizo nimeonyeshwa nyingi. Kuna watu wanaowahimiza wakulima wadogo wa nyanda za juu, kuanzia Kinangop hadi Molo, waache kutupa sufu: isokoteni wenyewe, itieni rangi za asili, uzeni uzi badala ya malighafi. Upande wa pili wako majirani waliokwisha kukata shauri. Wamepandisha Dorper, kondoo wa nyama, hawana haja ya mkasi, wanauza nyama Desemba, na neno sufu kwao ni hadithi za wazee. Kila upande una jambo la kweli, na kila upande unaficha kitu.

Nianze na majirani, maana historia iko upande wao. Kulikuwa na wakati sufu ya Kenya ilikuwa na mnunuzi wa uhakika. Eldoret palikuwa na Raymond, kiwanda cha sufu, Nakuru palikuwa na kiwanda cha blanketi, na mtu aliyelala chini ya blanketi ya Raymond hakuhitaji kuelezwa kondoo ni wa nini. Mpaka leo blanketi haikosi kwenye orodha ya mahari huku kwetu, ila siku hizi nyingi hazijawahi kupita karibu na kondoo. Mambo yaliharibika kutoka mbali. Februari 1991 Australia ilishindwa kuendelea kuilinda bei ya sufu, ikiwa imerundika marobota zaidi ya milioni 4 yasiyo na mteja, na rundo hilo liliwachukua miaka kumi kulimaliza. Bei ilianguka dunia nzima. Miaka hiyo hiyo Kenya ikafungulia mlango mitumba, na sweta la sufu kutoka Ulaya likawa linauzwa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kwa bei isiyonunua hata uzi wa kulifumia. Leo sufu ni asilimia 1 hivi ya nyuzi zote za nguo duniani. Hata Uingereza, nchi iliyotajirika kwa kondoo, wapo wafugaji waliochoma sufu yao kwa kuwa bei haikutosha kumlipa mnyoaji.

Kwa hiyo jirani anayeuliza "sufu umuuzie nani?" si mvivu wala si mshamba. Anakumbuka.

Sasa wale wa kuongeza thamani. Hoja yao kubwa ni tofauti ya bei: kilo ya sufu chafu hainunui hata mkate, na kilo hiyo hiyo ikiwa uzi inaweza kuuzwa maelfu ya shilingi. Hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba wanaliita faida ya sufu. Chukua kondoo mmoja aliyetunzwa vizuri akakupa kilo 3. Toa ya tumboni, ya miguuni, na ya nyuma iliyoganda samadi. Osha kwa maji ya moto wa kutosha kuyeyusha lanolini, yaani yale mafuta ya sufu, nyuzijoto 60 hivi, yenye sabuni, na usikoroge, maana sufu ikisuguliwa ndani ya maji moto hugandamana kama zulia na hakuna wa kuirudisha. Unaizamisha, unaiacha, unaitoa, unarudia kwa maji ya joto lile lile. Ikikauka unabaki na kilo moja na nusu. Zilizobaki zilikuwa mafuta, jasho, vumbi na kipande cha Kinangop yenyewe.

Hapo hujaanza. Kuna kuchana kwa brashi mbili za meno ya waya hadi nyuzi zilale upande mmoja. Kuna kusokota, kisha kupota nyuzi mbili pamoja ili uzi usijikunje ukilegezwa, kisha kuosha tena na kuanika. Shangazi ana gurudumu alilotengenezewa na fundi kwa rimu ya baiskeli na mbao za kreti, linalolia kama bata kila akikanyaga. Nilikaa naye siku moja na saa mkononi. Kibunda cha gramu 100, tangu kuchana hadi kupota, kilimchukua saa nne na robo, na huyu ni mkono wa miaka mingi. Ukiongeza kuosha, kuanika na vile vimbegu, weka saa sita.

Kilo moja na nusu ni vibunda 15. Kwa saa sita kila kimoja, ni saa 90. Chukulia kibarua cha shambani ni shilingi 400 kwa siku ya saa nane, yaani 50 kwa saa. Kazi peke yake ni shilingi 4,500, ambayo ni 300 kwa kila kibunda, kabla ya kuni, sabuni, shabu ya kushikisha rangi na nauli. Ukiuza kwa 500 unabaki na kitu. Mwenye duka akikwambia atachukua kwa 250, kwa kuwa uzi wa akriliki anaupata rahisi na wa rangi zote, basi umemlipa wewe akuchukulie.

Ndiyo maana nasema bei ile kubwa ya uzi si ya sufu, ni ya saa. Mradi wowote unaoandika "uzi" kwenye safu ya mapato bila kuandika saa kwenye safu ya gharama umeamua kwamba kuna mtu atafanya kazi bure, na mtu huyo sihitaji kumtaja jinsia. Nimekaa kwenye kikao ambapo mtaalamu aligawa karatasi yenye gharama za chanjo, dawa ya minyoo, chumvi ya madini, hata mifuko ya kufungia. Saa za kusokota hazikuwamo. Mama mmoja wa nyuma aliuliza. Akaambiwa hiyo ni kazi ya "muda wa ziada".

Nilimpelekea shangazi daftari langu nikitarajia anipongeze. Alicheka.

"Na wewe mwanangu, nani ataniita kibarua cha viazi na mgongo huu?"

Na hapo hesabu yangu ikatikisika kidogo. Saa yake si sawa na saa ya kijana. Ana miaka 67, magoti yamechoka, na Julai ukungu ukishuka Nyandarua hatoki nje mpaka saa nne. Kusokota ni kazi ya kukaa, karibu na moto, na mtu wa kuongea naye. Fedha inayotoka hapo, hata ikiwa kidogo, inaingia mkononi mwake, haipiti kwa dalali wa viazi wala kwa mume. Mimi nilipima saa zake kwa kipimo cha soko ambalo halimhitaji tena. Hoja hiyo naikubali. Ninachokataa ni kuichukua kwake na kumbebesha mkaza mwana wa miaka 26 mwenye watoto wawili, ng'ombe wa kukamua na maji ya kuteka, kana kwamba naye ana jioni tupu.

Watetezi wa uzi hupenda kutoa mifano miwili, na ni mifano mizuri. Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi cha akina mama kilichoanza 1977, na Kenana Knitters wa Njoro, walioanza 1998. Wamedumu, wakati viwanda vikubwa vilikuwa vinafunga. Lakini tazama wanachouza: mazulia, mitandio, wanasesere wa kufumwa, vitu vilivyokamilika. Uzi mtupu ni hatua ya katikati. Na wanauza kama kikundi, kwa mteja aliye njiani kuelekea Mlima Kenya au aliye ng'ambo. Kikundi kinaweza kuhakikisha kibunda cha leo kinalingana unene na cha mwezi ujao. Mtu mmoja na kondoo sita hawezi, na mfumaji aliyeishiwa uzi akiwa amefika kwenye mkono wa sweta hasamehe.

Soko la hapa nyumbani nalo tusilipambe. Sweta za shule ni za akriliki na zitabaki hivyo, kwa kuwa mtoto anapoteza sweta mbili kwa mwaka. Mteja wa mjini akivaa sufu ya Corriedale anakwambia inawasha, na anasema kweli. Merino, kondoo wa sufu laini, ana unyuzi wenye unene ulio chini ya maikroni 24 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Corriedale anakwenda 25 hadi 31, na shingo ya binadamu inaijua tofauti. Wafumaji wa Ulaya na Marekani wanaonunua uzi wa mkono wako tayari kulipa, hata kujua jina la kondoo, lakini watakuuliza maikroni, watataka picha, na gharama ya posta itakaribia bei ya uzi. Sufu ghafi kuvuka mpaka inadai cheti cha mifugo. Iliyooshwa na kusokotwa ina nafuu.

Mtu atasema, basi fuga Merino. Limejaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mlowezi Lord Delamere alileta Merino Njoro akawapandisha kwa kondoo wa Kimaasai, kwenye nyasi zilizoonekana kama za New Zealand. Kondoo walikufa kwa wingi. Baadaye ikajulikana udongo ule una upungufu wa madini. Siku hizi chumvi ya madini ipo kila duka la mifugo, lakini funzo la kwamba nyasi nzuri si lishe kamili lilimgharimu tajiri mwenye maelfu ya ekari. Wewe una mbili.

Lililo gumu zaidi, na ambalo pande zote mbili hulipita haraka, ni la mbegu. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini kati ya miaka ya 1930 na 1940 kwa kuchanganya Dorset Horn na Persian mwenye kichwa cheusi. Anakua upesi na anajivua manyoya mwenyewe. Kondoo mwekundu wa Kimaasai naye anahimili minyoo inayonyonya damu kuliko wageni wengi. Ukiwapandisha kwa Corriedale wako unapata mwana-kondoo mzuri wa nyama na sufu mbovu: ndani yake kuna nywele kavu, ngumu, zisizoshika rangi, zinazochomoza kwenye uzi kama masharubu. Huwezi kuwa na yote mawili katika zizi moja, na ukishachanganya, kurudi ni kazi ya vizazi kadhaa na dume safi ambaye hapatikani kila kijiji. Kwa hiyo shauri la "jaribu sufu kidogo uone" si jepesi kama linavyosikika, na la "weka Dorper tu" pia linafunga mlango.

Ila kwa aliye tayari na kondoo wa sufu, kunyoa si hiari. Usipomnyoa analowa, anachafuka nyuma, nzi wanataga, funza wanamla akiwa hai. Gharama ya mkasi ipo, utake usitake, na sufu itarundikana. Kwa mtu huyo swali si kama uzi unashinda nyama. Nyama, mbolea na wana-kondoo ndio wanaomlisha, na bei ya kondoo mmoja mnene inapita sufu yake ya maisha yote. Swali lake ni afanyie nini kitu kilichokwisha kutoka.

Jibu langu ni la ubahili. Usinunue kondoo kwa ajili ya uzi. Ukiwa nao, usisokote kila manyoya. Sufu mbaya inakula saa nyingi kuliko nzuri na inauzwa kwa bei ndogo, hivyo kila kishona nguo unachokikwepa ni dakika uliyookoa. Mwaka huu, kati ya kondoo sita, tulichagua manyoya mawili tu, ya majike waliolala juu ya mabanzi badala ya matope. Manne yaliyobaki tuliyatandaza chini ya matunda damu. Yanazuia magugu, yanashika unyevu, na yakioza yanaacha naitrojeni. Uzi alioupata shangazi ameutia rangi ya maganda ya vitunguu na majani ya mkaratusi, sehemu ameufuma kofia, sehemu ameuacha vibunda, akavipeleka kwenye meza ya kikundi chao kando ya barabara wanapopita watu wa kupanda Aberdare.

Kila kibunda kina karatasi imefungwa kwa kamba: jina la kondoo, na "saa 6". Bei ni 600. Juzi kijana mmoja wa Nairobi alikishika, akakinusa, akaomba apunguziwe hadi 350. Shangazi alimuuliza apunguze saa zipi. Yule kijana alicheka, akakirudisha mezani, akanunua mahindi ya kuchoma. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alichukua vitatu, na akauliza kama huyo kondoo bado yuko hai.