Kifutu hakimbii kishindo
Kwamba ukikanyaga kwa kishindo kila nyoka atakupisha, kama inavyodaiwa mara nyingi, si kweli kwa kifutu, yule wengine humwita bafe au moma. Huyu hutegemea rangi yake: mwili mnene wenye alama za V, hauonekani kabisa kwenye majani makavu, na badala ya kukimbia hutulia tuli mpaka akanyagwe. Jioni hujilaza hata katikati ya njia. Tembea na tochi na buti za kupita kifundo. Akiuma, jamani msifunge kamba! Sumu yake huozesha nyama, na ukiibana sehemu moja uharibifu huzidi. Vua viatu na pete kabla uvimbe haujapanda, funga banzi mguu usitikisike, wahi hospitali. Kwenu bado watu wanachanjwa kwa wembe wakiumwa na nyoka?